Karafuu ya jino: Punje ni tiba, chupa ni hatari kwa mtoto

GEGO likianza kuuma saa nane usiku pale Mabwerebwere, wilayani Kilosa, safari ya kwenda kwa daktari wa meno ni ya kesho. Kinachobaki ni kopo la viungo vya pilau. Mama anatoa punje moja ya karafuu, mgonjwa anaiweka juu ya jino na kuiuma taratibu. Baada ya muda ufizi unakufa ganzi na nyumba inalala.

Tiba hiyo si ya kubahatisha. Karafuu ni matumba ya maua yaliyochumwa kabla ya kuchanua, yakaanikwa. Ndani yake mna mafuta yenye yujenoli kwa wingi, na yujenoli hutia ganzi na kuua vijidudu. Madaktari wa meno nao huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Wahindi wameijua siku nyingi. Katika tiba yao ya asili, Ayurveda, karafuu huitwa lavanga, hutumika kwa meno, harufu ya kinywa, kikohozi na tumbo lililojaa gesi. Ajabu ni kwamba vitabu vyao huihesabu kuwa dawa ya baridi, ingawa ukiitafuna ulimi unawaka!

Taabu huanza pale punje inapoachwa na kununuliwa chupa ya mafuta. Wengi hudhani ni kitu kilekile. Sivyo. Mafuta ni kama asilimia 15 hadi 20 tu ya uzito wa karafuu kavu, hivyo kijiko kimoja cha chai kimebeba mafuta ya karibu gramu 30 za karafuu. Hakuna pilau ya nyumbani inayotiwa karafuu kiasi hicho.

Majarida ya kitabibu yameeleza habari za watoto wa miaka miwili na chini ya hapo waliokunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta hayo. Walipoteza fahamu, wengine wakashikwa na degedege, na ini likaumia. Kwa hiyo mtoto anayeota meno asipakwe mafuta ya karafuu kwenye fizi, hata bibi akisema wote walilelewa hivyo. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kinatosha.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwani mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize kituo cha afya saa ileile, na chupa uende nayo.

Mtu mzima naye asiyapake yakiwa makali, maana huunguza fizi. Tone moja lichanganywe na kijiko cha mafuta ya nazi, lipakwe kwa pamba, kisha pamba itolewe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kwanza.

Tena ganzi haizibi tundu. Jino lililooza huendelea kuoza huku mwenyewe akitafuna karafuu wiki nzima. Shavu likivimba, homa ikipanda, kinywa kikishindwa kufunguka au kumeza kukiwa kwa shida, ni hospitali siku hiyohiyo, Kilosa au Mikumi, palipo karibu.

Chupa yenyewe iwekwe juu, asikofika mtoto, tena mbali na dawa ya kikohozi. Gizani chupa hizo mbili hufanana.