Utelezi ndani ya dumu la maji ni maskani ya bakteria

MAJI yaliyochemshwa au kutiwa dawa yanaweza kuchafuka upya ndani ya dumu lisilosuguliwa. Jambo hili linawahusu wakazi wa mijini wanaohifadhi maji kwa sababu ya mgawo, kama linavyowahusu wa vijijini, mathalani katika kata ya Masanze, wilayani Kilosa.

Kilosa si ngeni kwa majanga ya maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Mafuriko ya aina hiyo huchanganya maji ya vyoo na ya visima, hivyo hufungua mlango wa kipindupindu.

Bakteria wa ugonjwa huo, Vibrio cholerae, huogelea kwa mkia unaozunguka mfano wa pangaboi. Afikapo kwenye ukuta wa chombo, vinyweleo vyake hugusa na kunata. Mguso huo huwa ishara: kemikali maalumu huongezeka ndani ya seli, naye huacha kuogelea na kuanza kutoa ute wenye sukari. Wenzake hujiunga, huzaliana, na utando hujengeka. Huo, pamoja na tando za bakteria wengine, ndio utelezi tunaouhisi kwa vidole.

Ndani ya utando bakteria hupata kinga. Klorini hupungua nguvu ikipambana na tabaka la juu kabla ya kuwafikia walio chini. Baadaye baadhi yao hubanduka na kuingia katika maji mapya.

Katika mito na mabwawa, bakteria huyu hunata pia kwenye viumbe wadogo wa jamii ya kamba. Ndiyo sababu utafiti wa Rita Colwell na wenzake nchini Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Bakteria mmoja mmoja angepenya kitambaa hicho; aliyenata kwenye kiumbe kikubwa hunaswa.

Hata hivyo, kuchuja si mbadala wa kuchemsha, na kusuuza si kusugua. Ndoo isuguliwe kwa sabuni na brashi. Dumu lenye mdomo mwembamba litiwe maji ya sabuni na kokoto safi, litikiswe kwa nguvu, kisha lisuuzwe kwa maji salama kabla ya kujazwa.