Kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni miaka ya kusubiri

Mzazi wa Mwanga, Kigoma, anayesomesha mtoto kwa biashara ya dagaa au mawese ana haki ya kuuliza wahitimu wa chuo fulani wanalipwa kiasi gani. Lakini kwa chuo kidogo kinachofundisha walimu, jibu la swali hilo halimsaidii sana. Chukua Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo (AMUCTA) cha Tabora, chuo cha Kanisa Katoliki chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza, kilicho kwenye reli ileile inayoishia Kigoma. Mwalimu mwenye shahada akiajiriwa serikalini huanzia ngazi ya TGTS D, awe ametoka Tabora au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, apangiwe Kibondo au Ilala. Mshahara umepangwa na Serikali, wala hautofautishi vyuo. Kinachotofautisha wahitimu ni muda kati ya mahafali na cheki namba, yaani namba ya mtumishi wa Serikali, na nani hakuipata kabisa. Katikati hapo mtu anajitolea, anafundisha tempo, au anakaa kwenye kibanda cha wakala sokoni.

Muda huo nao usisomwe kienyeji. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Waliohitimu wakati huo walikwama bila mhadhiri yeyote kuharibu kazi yake, kwa hiyo takwimu isiyotaja mwaka wa kuhitimu itakisingizia chuo kosa la hazina. Wastani nao hupotosha: wahitimu tisa wakilipwa shilingi 700,000 na wa kumi akilipwa 7,000,000, wastani utasoma 1,330,000, fedha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeiona. Kwenye darasa dogo, afadhali wapangwe kuanzia wa chini hadi wa juu na kisomwe kipato cha aliye katikati.

Takwimu za namna hii zinawezekana. Marekani imekuwa ikitangaza kipato cha wahitimu chuo kwa chuo tangu 2015, ikitumia kumbukumbu za kodi za waliopata msaada wa serikali kuu. Kwetu, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa aliyeajiriwa, hivyo sehemu kubwa ya taarifa ipo tayari. Kuna watakaosema, na wana hoja, kwamba makato hayamwoni mhitimu anayesafirisha dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Kwenye daftari la Bodi anaonekana hana kitu, na pengine anamzidi mwalimu. Wengine watasema chuo cha Kanisa hulea wito, hakipimwi kwa fedha. Wito ni kweli, ila asilimia 15 haimsamehe mwenye wito, na ada haikulipwa kwa sala peke yake.

Udogo unaoharibu hesabu ndio unaorahisisha ufuatiliaji. Chuo chenye maelfu ya wahitimu kila mwaka hubahatisha kwa sampuli. Kidogo kinaweza kumpigia simu kila mmoja, akiwemo wa Kibirizi, na kumuuliza anafanya nini, alianza kulipwa lini, na kama kazi yake inahitaji shahada aliyosomea. Majibu yabandikwe kwa kozi na kwa mwaka, kando ya jedwali la ada, mzazi ayasome kabla hajalipa.