Make Inajua Ulichoiambia Tu: Kweli na Uongo Kuhusu Utegemezi

Stuart Feldman aliandika Make, chombo cha kujenga programu, mwaka 1976 akiwa Bell Labs, Marekani. Hadi leo ndiyo inayojenga kiini cha Linux na programu nyingi sana za lugha ya C. Hata hivyo, imani potofu kuihusu bado zinapita kutoka kwa mwandishi wa programu mmoja hadi mwingine.

"Makefile huendeshwa kuanzia mstari wa juu kushuka chini."

Si kweli. Make husoma faili lote kwanza, ikajua lengo lipi linategemea nini, ndipo inapoanza kazi. Amri za lengo huendeshwa kama faili la lengo hilo halipo, au kama kitegemezi chake kimebadilishwa baada yake. Kipimo ni saa ya faili, wala si yaliyomo. Ukigusa kitegemezi kwa amri ya touch bila kubadilisha hata herufi moja, lengo litajengwa upya.

"Nikipanga vitegemezi kwa zamu, vitajengwa kwa zamu hiyo."

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu imani hii huonekana kweli kwa miezi mingi. Tuseme umeandika hivi:

all: jedwali.h programu

Faili la jedwali.h huzalishwa na skripti, na main.c, chanzo cha programu, inalihitaji. Kazi zikienda moja moja, GNU Make huanza kushoto, hivyo jedwali.h hutangulia na kila kitu hupita salama. Siku mtu atakapoandika make -j8, kazi hadi nane zitakwenda kwa pamoja, na main.c inaweza kufika kwa kompaila kabla jedwali.h halijazaliwa. Ujenzi utakwama leo, kesho utapita, na timu itailaumu mashine. Wengine huondoa -j wakadhani wamepona. Hawajapona: jedwali.h likibadilika, main.o haitajengwa upya, kwa kuwa hakuna aliyeiambia Make kwamba vinahusiana. Dawa ni kusema ukweli wote:

main.o: main.c jedwali.h

Chaguo la -MMD la gcc litakuandikia orodha ya mafaili ya .h, na ninashauri ulitumie. Lakini orodha hiyo hupatikana baada ya kompaila kufanya kazi, kwa hiyo faili linalozalishwa bado lazima ulitaje mwenyewe kwa ajili ya ujenzi wa kwanza.

"Lengo la clean halishindwi kamwe."

Hushindwa. Likitokea faili lenye jina clean ndani ya folda, Make itasema kila kitu kiko sawa na haitafuta chochote. Andika .PHONY: clean.

"Folda ni kitegemezi kama faili lolote."

Uongo unaopoteza muda mwingi. Saa ya folda hubadilika kila faili linapoongezwa au kuondolewa ndani yake, na malengo yanayoitegemea hujengwa upya bure. Iweke baada ya alama ya |, nayo Make itahakikisha tu kwamba folda ipo.

"Katika Ant, sharti la if likikataa, vitegemezi vya lengo navyo havitaendeshwa."

Si kweli. Ant, chombo kingine cha kujenga programu, huendesha kwanza yote yaliyotajwa kwenye depends, kisha ndipo hutazama if au unless. Utaratibu huu una faida yake: kitegemezi kinaweza kukagua hali na kuweka thamani ambayo sharti litaisoma. Ukitaka vitegemezi navyo visimame, viwekee sharti lao.

"Ujenzi ukipita kwangu, utegemezi umekamilika."

Hapana. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2022, GNU Make ina chaguo la --shuffle linalochanganya zamu ya vitegemezi makusudi ili kufichua utegemezi uliosahaulika. Endesha make --shuffle mara kadhaa, ukifuta kila mara mabaki yote ya ujenzi uliotangulia, kabla ya kumkabidhi mwenzako mradi.