Aliyeshika Kisu Hakuwa Kuhani

Wakristo wengi wakiulizwa kazi ya kuhani wa Israeli ilikuwa nini, hujibu kwamba alichinja wanyama kwa ajili ya dhambi za watu. Sura ya kwanza ya Mambo ya Walawi inasema vingine. Mtu mwenye ng'ombe wa sadaka ya kuteketezwa alifika naye mlangoni pa hema ya kukutania, akamwekea mkono kichwani, kisha akashika kisu mwenyewe. Yeye ndiye aliyechinja, akachuna ngozi na kukata vipande. Makuhani, wana wa Haruni, walikuwa wakiingoja damu. Waliipeleka madhabahuni na kuinyunyiza pande zote, wakawasha moto na kupanga kuni na nyama juu yake. Ukuhani ulianzia pale ambapo mwenye mnyama hakuruhusiwa kusogea zaidi.

Hata jina la sadaka linasema hivyo. Kiebrania huiita korbani, neno lililobaki lilivyo katika Marko 7:11, na mzizi wake ni ule wa kusogea, kukaribia. Mzizi huohuo umo katika Kiarabu, nasi ndiko tulikolipata neno “karibu” tunalomwambia mgeni mlangoni. (Neno “kuhani” nalo lina ndugu yake wa Kiarabu, ila huko ni mtabiri au mpiga ramli, kwa hiyo asili ya neno peke yake haitoshi kuwa ushahidi.) Kilichohesabika, basi, ni kufikishwa mbele za Mungu. Walawi 17:11 inaeleza kwa nini damu ndiyo ilipelekwa: uhai wa mwili umo ndani yake.

Kuna pingamizi mbili ambazo msomaji makini wa Walawi atazitoa mara moja. Ndege walichinjwa na kuhani, na Siku ya Upatanisho kuhani mkuu mwenyewe alichinja fahali na mbuzi. Habari ya ndege haina uzito mkubwa: damu ya njiwa ni kidogo mno kukingwa bakulini, hivyo alimalizwa madhabahuni penyewe na damu yake ikakamuliwa ubavuni mwa madhabahu. Ile ya pili ndiyo inayofundisha. Fahali alikuwa sadaka ya dhambi ya Haruni mwenyewe, kwa hiyo Haruni alichinja akiwa mkosaji kama mkosaji mwingine yeyote. Mbuzi alikuwa wa taifa zima, na taifa halina mkono mmoja wa kushika kisu, kuhani aliwashikia. Kisha akaingia ndani ya pazia, peke yake, amevaa kitani tupu bila mavazi yake ya fahari, moshi wa uvumba ukifunika kiti cha rehema, akanyunyiza damu kwa kidole mara saba. Siku hiyo watu wote waliokuwa nje waliutazamia mwendo huo wa kuingia.

Waraka kwa Waebrania unasimama juu ya mwendo huo. Mwandishi wake haoni ukuhani wa Kristo ukikomea Kalvari. Katika 9:24 anamweka ndani ya mbingu yenyewe, mbele za Mungu kwa ajili yetu, na katika 8:4 anasema waziwazi kwamba kama angekuwa duniani asingekuwa kuhani hata kidogo. Sababu ni ya kisheria: kabila la Yuda, alikotoka Kristo, halikupewa madhabahu, ndiyo maana waraka unamtafuta Melkizedeki, kuhani asiye wa ukoo wa Lawi. Mwaka 2011 David Moffitt alichapisha utafiti mzito akitetea kwamba katika Waebrania ufufuo na kupaa ni sehemu ya upatanisho wenyewe, na kwa maoni yangu hoja yake kuu haijavunjwa.

Je, msalaba haupungui hapo? Wapo wanaohofia hivyo, nao wana aya za kushika, kwa kuwa 10:10 inataja mwili uliotolewa mara moja tu. Lakini bila kuchinja hapakuwa na damu ya kupeleka, na mnyama aliyechinjwa akaachwa uani hakumpatanisha mtu. Kufa na kuingia ni sadaka moja. Makanisa yetu yameipa nusu yake ya kwanza nafasi yote: katika kalenda za Tanzania na Kenya Ijumaa Kuu ni siku ya mapumziko, na Alhamisi ya Kupaa watu wanakwenda kazini.

Tena ndani ya hema ile palikuwa na meza, kinara, madhabahu ya uvumba na sanduku la agano. Hapakuwa na pa kukalia, kwani kinachoitwa kiti cha rehema ni kifuniko cha sanduku. Kuhani alisimama kila siku, zinasema aya za 10:11-12, lakini Kristo aliketi. Kutoa sadaka kumekwisha. Kuombea hakujakwisha, maana 7:25 inasema yu hai sikuzote afanye kazi hiyohiyo.