Kilichofichwa Ndani ya Usukani

Gari linapogonga kwa mbele, sensa hutambua kwamba mwendo umekatika ghafla, kisha umeme kidogo hupelekwa kwenye kikopo cha chuma kilicho ndani ya usukani. Kemikali iliyomo huwaka na kutoa gesi nyingi kwa mkupuo. Mfuko wa hewa hujaa ndani ya milisekunde 50 hivi, halafu gesi huanza kutoka kwa matundu ya nyuma ili kifua kiupokee mfuko unaolegea.

Muda huo mfupi ndio faida yake na ndio hatari yake. Mfuko hufumuka kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa. Aliyeusogelea mno hupigwa kabla haujajaa: mikono huvunjika, ngozi huchubuka, shingo huumia. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi. Marekani, kati ya 1990 na 2008, mifuko ya mbele iliua watu zaidi ya 290 katika ajali za mwendo mdogo, na zaidi ya asilimia 80 yao hawakufunga mkanda au waliufunga vibaya. Kwa hiyo funga mkanda, na kifua kikae sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye usukani.

Lipo jingine linalotuhusu zaidi sisi wa pwani. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyotengeneza mifuko ya hewa, ilitumia katika vikopo vyake nitrati ya amonia, kemikali inayoharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Ikiharibika huungua kwa nguvu kupita kiasi. Kikopo hupasuka na vipande vya chuma humrukia dereva usoni na shingoni. Marekani pekee wamekufa watu zaidi ya 20, wengine katika ajali ndogo ambazo wangetoka wazima. Vikopo takribani milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, na Takata ikafilisika 2017. Wamarekani walitanguliza Florida na Hawaii kwa sababu ya hali ya hewa, ambayo ndiyo hali ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

Na magari yetu mengi yametumika kwanza Japani. Barua ya wito humfuata mwenye gari wa kule; mnunuzi wa huku haimfikii. Chukua namba ya chasisi, iulizie kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari lako. Ukiambiwa kikopo ni kile na hakijabadilishwa, liegeshe mpaka kibadilishwe.