Stetoskopu ya kusikiliza moyo: tazama kengele kabla ya jina

Wanafunzi wa uuguzi na udaktari mjini Mbarara, na wahudumu wa afya wa Kaberebere na Nakivale, wanauliza swali moja: ninunue stetoskopu ipi ili nisikie moyo vizuri? Wengi hutarajia kutajiwa kampuni. Mimi naanza na ugonjwa.

Huku kwetu, moyo wa kijana mara nyingi huharibiwa na homa ya rumatiki, inayofuata mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa. Kovu hubana vali ya mitrali, na damu hupenya kwa shida wakati moyo unapojaa. Hapo hutoka mvumo mzito, wa chini, ambao sehemu yake kubwa iko karibu na hezi 100 au chini yake. Sikio la binadamu ni dhaifu mno kwa sauti za kiwango hicho.

Ndiyo maana stetoskopu nzuri huwa na pande mbili. Kiwambo, ule upande mpana wenye plastiki ngumu, hupunguza mitetemo mizito na kupitisha ile ya juu: sauti ya kwanza na ya pili za moyo, na mfoko wa vali inayovuja. Kengele, ule upande mdogo ulio wazi, huipokea ile mizito, mradi uiweke kwa wepesi. Ukiikandamiza, ngozi iliyo ndani ya duara lake hukazika kama ngozi ya ngoma iliyowambwa sana, na sauti za chini hupotea. Kengele imekwisha kuwa kiwambo, na mvumo uliokuwa ukiutafuta umeufuta kwa mkono wako. Baadhi ya zile zenye upande mmoja hufuata kanuni hiyohiyo: gusa kidogo kwa sauti nzito, kandamiza kwa sauti za juu.

Kwa hiyo mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, tafuta mahali moyo unapogonga, weka kengele juu ya ngozi tupu, tulia. Mjamzito anayehema usiku apimwe hivi kabla ya kuambiwa ana pumu, kwa sababu ujauzito huongeza damu mwilini na vali iliyobanwa hushindwa kuipitisha.

Bei kubwa haifundishi sikio. Wala jina maarufu halitoshi, maana majina hayo hughushiwa. Dukani, angalia haya: ncha laini zinazoziba masikio na kuelekea mbele, mpira mnene usio na nyufa, kichwa kizito kisicholegea, yaani kile kipande kinachowekwa kifuani. Sikiliza moyo wako mwenyewe kwa pande zote mbili. Usiposikia tofauti, rudisha. Usisikilize juu ya shati.

Hata hivyo, stetoskopu ina mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watoto wa shule wa Kambodia na Msumbiji ulionyesha kwamba ekokadiografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hugundua wagonjwa wa moyo wa rumatiki takriban mara kumi zaidi ya masikio. Na kuwagundua mapema kuna faida: katika utafiti wa Gulu uliotolewa mwaka 2022, watoto 818 ambao kipimo hicho kilionyesha ugonjwa huo ukiwa bado wa awali waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini kila mwezi, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Sasa yupo anayekata kilimi cha mtoto mwenye koo linalouma, na yupo anayemshikisha mgonjwa kijiti cha chuma na kudai kompyuta yake imesoma moyo. Wa kwanza huacha bakteria palepale na kuongeza kidonda. Wa pili anauza karatasi. Wote wawili wanakula muda ambao vali haina. Mtoto mwenye koo na homa apelekwe kituo cha afya. Akihema au viungo vikivimba kwa zamu, aombewe rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Na wewe mhudumu, kabla ya kuandika kwamba moyo ni mzima, geuza upande wa kengele usikilize tena.