Twiga wa Ishaqbini na utata wa neno 'kumbukumbu'

Ukitoka Sangailu kuelekea upande wa Mto Tana, papo hapo Ijara, Kaunti ya Garissa, utafika Hifadhi ya Jamii ya Ishaqbini. Machi 2020 ilitangazwa kwamba twiga weupe wawili, jike na ndama wake, waliuawa na majangili huko. Akabaki dume mmoja tu. Novemba mwaka huo alifungwa kifaa kwenye pembe, cha kuwaarifu askari kila saa mahali alipo.

Kifaa hicho tukiiteje? Wengi watasema 'kompyuta ndogo', basi. Lakini kompyuta ya ofisini hufanya kila kazi na hula umeme ovyo. Pembeni mwa twiga hakuna soketi. Maunzi yake (neno hili latokana na 'unda', kama 'ulinzi' na 'linda') huundiwa kazi moja. Kifaa cha aina hii hulala, huamka, hunasa mawimbi ya satelaiti, hutuma habari, kisha hulala tena. Kikikesha, betri hufa upesi, na kuibadilisha ni kumdunga twiga dawa ya usingizi. Si mchezo.

Sehemu inayonasa ishara, iwe ya mawimbi au joto, ni 'kihisi'. Wapo wanaosema 'kitambuzi', nami siwaungi mkono. Kutambua ni kujua ulichokihisi, na hiyo ni kazi ya kichakataji.

Utata umo katika 'kumbukumbu'. Ipo ya muda, ambayo huandikwa haraka, ila umeme ukikatika kila kitu hufutika. Ipo pia ya kudumu: huandikwa polepole, tena kwa umeme mwingi zaidi, lakini betri ikifa yaliyomo hubaki. Mbunifu hulazimika kupima. Akiandika kila kipimo kwenye ya kudumu, anamaliza chaji. Akiviacha vyote kwenye ya muda, hitilafu moja tu na safari nzima ya twiga imepotea. Kwa hivyo hukusanya vipimo kadhaa kwanza, halafu akaviandika kwa mkupuo.

Sasa mweleze mwanafunzi haya yote kwa neno moja, 'kumbukumbu', uone atakavyochanganyikiwa. Baadhi huiita ya kudumu 'hifadhi'. Sawa, ila hapa twiga yumo hifadhini na habari zake zimo hifadhini! Mimi napendekeza 'ghala'. Mahindi hukaa ghalani hata mwenye nyumba akilala.